RAID 10 ya nini hapo?

Kaka mwandishi, ushauri wako wa RAID 10 kwenye kila seva ya Elasticsearch siuafiki. Elasticsearch yenyewe huigawa faharasa vipande na kuweka nakala ya kila kipande kwenye seva nyingine. Diski ikifa, seva nyingine zinaendelea kujibu huku nakala mpya ikijengwa. Ongeza na nakala za RAID 10, data ileile umeilipia mara nne! Sisi wa Nakuru tunaonunua SSD mojamoja hatuna ubavu huo. Seva tatu, nakala moja, RAID 0 au NVMe moja kubwa, basi.

Ila nakala hazitakuokoa kama seva zote ziko chumba kimoja na stima ipotee ghafla, kama usiku ule wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilipozima. UPS kwanza. Na chelezo ziwe nje ya klasta, maana ukifuta faharasa kimakosa, nakala zake zinafutika pia.

Halafu hukugusia kujaa kwa diski. Kwa mipangilio ya kawaida, ikipita asilimia 85 seva haigawiwi nakala mpya. Ikipita 95, faharasa zilizomo zinakataa kuandikwa. Mteja wa duka lako kule Njoro anaona tu bidhaa mpya hazitokei akitafuta.