Kilo za Paka na Kosa la Mnunuzi

Miongoni mwa imani zinazotawala soko la paka wa nasaba, yaani paka wanaozalishwa kwa kufuata kumbukumbu za ukoo zilizoandikishwa katika vyama vya wafugaji, hakuna iliyoenea na kuleta madhara kuliko ile isemayo kwamba paka aliye mkubwa zaidi ndiye aliye halisi zaidi. Imani hiyo imemwandama hasa Maine Coon, paka mwenye manyoya marefu, mkia mnene na vishungi masikioni, ambaye asili yake ni jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, na imekita mizizi kiasi kwamba mnunuzi wa Marekani au wa Ulaya, kabla hajauliza kama moyo wa mama umewahi kupimwa, huuliza baba ana kilo ngapi. Swali hilo, ambalo huonekana la kawaida kabisa, ndilo linaloamua ni madume gani watapandishwa na ni wepi watahasiwa. Kwa hiyo lawama ambayo wanunuzi hupenda kumtwisha mfugaji mwenye tamaa inawahusu wao kwanza.

Hata kama kipimo pekee kingekuwa uzito, wanunuzi wengi wangekuwa wamedanganyika. Dume wa Maine Coon aliyekomaa kwa kawaida huwa na kilo 6 hadi 8, na wapo wachache wanaozidi hapo. Jike huwa mdogo kwa kiasi kinachoonekana, na aghalabu huishia kwenye kilo 4 hadi 6. Paka hawa hukomaa polepole, baina ya miaka 3 na 5, hivyo anayeahidi uzito wa baadaye wa mtoto mwenye wiki 12 anauza utabiri. Matangazo yanayonadi madume wa kilo 12 au 13 ama yanaonyesha paka walionenepeana, ama yanategemea hila ya kale ya mpiga picha, ambapo paka hunyanyuliwa mbele ya aliyembeba, akawa karibu na kamera kuliko uso wa mtu huyo, na manyoya yakamalizia kazi iliyobaki. Rekodi nazo husomwa vibaya. Barivel, Maine Coon wa Italia aliyetambuliwa na Guinness mwaka 2018 kuwa paka wa kufugwa mrefu kuliko wote walio hai, alipimwa sentimita 120 kuanzia ncha ya pua hadi ncha ya mkia, na urefu wa namna hiyo hausemi lolote kuhusu uzito. Ama rekodi ya paka mzito kuliko wote, Guinness waliifunga baada ya Himmy, paka wa Australia mwenye kilo 21.3 aliyekufa mwaka 1986, ili watu wasishawishike kuwalisha wanyama wao kupita kiasi. Watunza rekodi, ambao biashara yao yote ni maajabu, walitambua hatari ambayo wanunuzi hawajaitambua bado.

Historia ya aina hii nayo haiungi mkono ibada ya ukubwa. Katika maonyesho makubwa ya paka yaliyofanyika Madison Square Garden, jijini New York, mwaka 1895, tuzo ya juu ilikwenda kwa paka wa Maine aitwaye Cosey, naye alikuwa jike. Baadaye Waajemi, yaani paka wenye manyoya marefu na nyuso bapa waliokuja na mitindo ya Ulaya, waliwafunika paka hawa wa mashambani kwa miongo kadhaa, hadi chama cha CFA, mojawapo ya vyama vikubwa vya kuandikisha paka Marekani, kilipowarudishia hadhi kamili ya kushindania ubingwa mwaka 1976. Kilichofuata ndicho chenye uzito katika hoja hii: sehemu kubwa ya damu ya Maine Coon wa leo inatokana na paka wachache waliotumiwa mno katika miaka ya mwanzo ya ufufuo huo. Aina iliyopita katika mlango mwembamba namna hiyo inahitaji madume wengi tofauti ili kasoro zilizofichika zisikutane mara kwa mara katika mtoto mmoja. Soko linaloshangilia kilo hufanya kinyume, kwa sababu madume wakubwa kupindukia ni wachache kwa maumbile, na kila mfugaji anayetaka kuuza haraka hulikimbilia dume la mbegu lilelile au wanawe. Jike mwenye afya aliyeozwa kwa dume huyo huzaa watoto wanaonunuliwa kabla hawajafumbua macho, ilhali dume wa wastani mwenye damu ya mbali, ambaye angeisaidia aina nzima, huhasiwa na kuuzwa kwa bei nafuu.

Gharama yake huonekana kwanza katika mifupa. Kasoro ya nyonga, ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe chake, hulegeza kiungo, husaga gegedu na kuleta baridi yabisi ambayo paka, kwa desturi yake ya kuficha maumivu, huionyesha tu kwa kuacha kuruka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za eksrei za Maine Coon zaidi ya 5,000 katika mpango wa afya wa PawPeds wenye chimbuko Sweden, ulikuta kasoro hiyo kwa zaidi ya theluthi moja yao, na ukaonyesha kwamba inahusiana kijeni na ukubwa wa mwili. Maana yake ni kwamba anayechagua wazazi kwa kilo, hata asipojua, anazichagua pia nyonga mbovu. Zaidi ya hayo wako madume vijana, wazito na waliohasiwa, ambao mfupa wao wa paja hukatika bila ajali kwenye tabaka la ukuaji, yaani ukanda wa gegedu ambamo mfupa hurefukia, na Maine Coon hujitokeza mara nyingi miongoni mwao.

Moyo ni suala jingine, na hapa wanunuzi hujifariji kwa karatasi. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Kathryn Meurs lilitambua badiliko katika jeni iitwayo MYBPC3 linalohusishwa na kunenepa kwa misuli ya moyo, ugonjwa unaokifanya chumba cha moyo kuwa kidogo, huweza kuzalisha damu iliyoganda inayopoozesha miguu ya nyuma, na wakati mwingine huua ghafla. Takriban theluthi moja ya Maine Coon hubeba badiliko hilo, na hatari iliyo kubwa zaidi ni kwa waliolirithi kwa wazazi wote wawili. Tangu hapo matangazo yamejaa maneno ya kwamba wazazi wamepimwa na kukutwa safi, kana kwamba paka asiye na badiliko hilo moja hawezi kuugua. Anaweza, na wengi huugua. Kipimo chenye maana ni altrasaundi ya moyo inayofanywa na mtaalamu wa mifugo aliyebobea, na inayorudiwa kwa miaka, kwa kuwa moyo wa dume mwenye mwaka mmoja unaweza kuwa mzima na ukawa mgonjwa akiwa na miaka mitano, wakati ambapo watoto wake wamekwisha kutawanyika katika nchi kadhaa.

Watetezi wa ukubwa hujibu kwamba baridi ya Maine ndiyo iliyowafanya paka hawa wawe wakubwa, na kwamba kuupunguza mwili ni kuiua aina yenyewe. Baridi inaweza kueleza manyoya mazito na nyayo pana. Haielezi dume wa kilo 12 anayelala sebuleni. Tena kiwango cha CFA, yaani maelezo rasmi ya umbo ambalo majaji hulitafuta, chenyewe huonya kwamba hakuna sehemu ya mwili inayopaswa kutiwa chumvi kiasi cha kuleta udhaifu. Uchu huohuo umemfikia hata mondo, paka mwitu wa mbuga za Afrika ambaye Marekani hupandishwa na paka wa kufugwa ili kupata aina iitwayo Savannah. Kizazi cha kwanza, kilicho kirefu zaidi na kigumu zaidi kuishi nacho ndani ya nyumba, ndicho chenye bei ya juu kabisa, na Australia ilipiga marufuku kuwaingiza Savannah mwaka 2008 kwa kuhofia usalama wa wanyama wake wa porini.

Hakuna anayedai kwamba Maine Coon awe mdogo kama paka wa kawaida. Utafiti uleule wa 2019 ulionyesha kuwa kasoro ya nyonga hurithiwa kwa kiasi kinachotosha kuifanya ipungue wazazi wakichaguliwa kwa eksrei, na wapo wafugaji wanaofanya hivyo kwa gharama yao wenyewe. Wanachokikosa ni mnunuzi aliye tayari kumlipia mwana wa dume la kilo 6 lenye nyonga safi bei ileile anayomlipia mwana wa dume la kilo 10 ambalo nyonga zake hazijawahi kupigwa eksrei.