Wao Pia Wana Haki ya Kutembea

Pana maneno yasemwayo mara kwa mara juu ya mtu mwenye hali ya Down: "Kazaliwa hivyo, mwacheni alivyo." Maneno haya yana sura ya huruma, lakini matunda yake ni machungu, hasa mtu huyo aanzapo kuchechemea.

Ndugu msomaji na aelewe jambo lenyewe. Watu hawa huzaliwa na kromosomu moja ya ziada, jambo lililotangazwa Ufaransa mwaka 1959. Kano zao ni legevu na misuli yao haina mkazo wa kutosha. Hivyo kwa baadhi yao kichwa cha mfupa wa paja huchomoka katika kikombe cha nyonga. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 10. Mwanzoni huenda mtoto asione maumivu. Nyonga hualika, mwendo hubadilika, naye huchoka upesi. Wazee wake hudhani ni uvivu. La hasha! Ni nyonga iharibikayo.

Tiba ipo. Kwa mtoto, daktari wa mifupa aweza kukata na kuupanga upya mfupa wa nyonga au wa paja, ili kikombe kikishike kichwa barabara. Kwa mtu mzima ambaye nyonga imekwisha kulika, hutiwa nyonga ya bandia, kazi ambayo John Charnley aliistawisha Uingereza katika miaka ya 1960. Hatukatai kuwa pana hatari: sharti moyo na shingo vichunguzwe kabla ya nusukaputi, na nyonga iliyotengenezwa yaweza kuteguka tena. Lakini hatari hutaka matayarisho. Haimpi mtu ruhusa ya kumnyima mwenziwe tiba.

Wako wasemao, "Yafaa nini, na maisha yao ni mafupi?" Hoja hii imekwisha pitwa na wakati. Huko Marekani, mwaka 1983 wastani wa umri wao ulikuwa miaka 25 hivi. Leo wakaribia 60. Nyonga iliyopuuzwa utotoni itamtesa mtu miaka hamsini. Naye asipoweza kwenda, ni mama atakayembeba na dada atakayeacha kazi ili amtunze. Mzigo huo huilemea kwanza nyumba ya mfanyakazi.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wazazi, mtoto akichechemea mpelekeni akapigwe picha mapema. Nanyi madaktari, ipimeni nyonga ya mgonjwa, wala msiipime thamani yake.