Pengo la Meno ya Bombay

Kuna watu wanapenda chemsha bongo kuliko ugali. Wapo redioni asubuhi, wapo kwenye daladala, wapo kijiweni jioni. Muulize mmoja wao Stanley alimwambia nini Livingstone walipokutana Ujiji. Atakujibu kabla hujamaliza swali, tena kwa Kiingereza cha puani. Muulize mwaka, atakwambia 1871. Muulize jina la kuzaliwa la Stanley, na hilo analo: John Rowlands, mtoto wa Wales aliyelelewa kwenye nyumba ya maskini, akaenda Marekani, akapigana upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akatekwa, kisha akajiandikisha upande wa Kaskazini.

Sasa muulize swali dogo tu. Siku ile Ujiji, ni nani alikuwa wa kwanza kumsalimia Stanley kwa Kiingereza?

Hapo jamaa anaanza kutazama dirishani.

Jibu si Livingstone. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, alikuwa Susi. Msafara ulikuwa unaingia mjini, bunduki zinalia, watu wamejaa njiani, mara Stanley akasikia mtu anamwamkia kwa Kiingereza katikati ya umati. Akageuka kwa mshangao, akamkuta mtu mweusi mwenye kilemba, anajitambulisha kuwa ni Susi, mtumishi wa daktari. Punde akatokea wa pili, Chuma, naye anasalimia. Kwa hiyo Stanley alipofika mbele ya mzee na kutoa ile sentensi yake maarufu, salamu zilikuwa zimeshatolewa na wenyeji wake. Na hiyo sentensi yenyewe ina utata: kurasa za siku ile kwenye shajara ya Stanley zilichanwa, na Livingstone hakuiandika popote. Yaani tumekariri maneno ambayo huenda hayakusemwa, tukaiacha salamu ya mtu aliyetoka mbio kumpokea mgeni.

Wapo wanaosema mambo haya ni vijimambo tu, ya kujazia muda. Mimi nasema hapana. Historia kubwa kubwa, zile za tarehe na ramani, ziliandikwa na wenye msafara. Waliobeba mizigo ya msafara wamebaki kwenye vijimambo. Ukividharau, umewadharau na wao.

Mchukue Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Akiwa mtoto wa miaka kama 12 kijiji chao kilivamiwa, akaswagwa hadi Kilwa, akabadilishwa kwa nguo. Ndiyo, nguo. Akapelekwa Unguja, kutoka hapo India. Huko Waafrika waliitwa Sidi, na hilo Bombay ni jina la mji ambao leo unaitwa Mumbai. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja, akaingia kwenye askari wa Sultani.

Mwaka 1857 Burton na Speke walikuwa wanaingia bara. Speke alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza huko India na Kiswahili kilikuwa hakipandi. Bombay alijua Kihindustani, Speke naye alikijua kiasi, basi wakaelewana. Hebu fikiria kidogo hapo. Habari za njia, maji, posho na hongo za watemi zilimfikia Speke kupitia lugha ambayo Bombay alijifunza akiwa mtumwa ng'ambo.

Agosti 1858 Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Bombay alikuwa naye. Mwaka 1860 akatoka tena na Speke na Grant, wakapita Karagwe na Buganda, wakafuata mto Naili hadi Cairo mwaka 1863. Mwaka 1871 Stanley akamchukua awe mkuu wa askari wa msafara wake. Mwaka 1873 akaondoka na Cameron kutoka Bagamoyo, na Novemba 1875 wakatokeza kwenye Bahari ya Atlantiki, Angola. Bara zima, kutoka bahari hadi bahari, kwa miguu. Alifariki mwaka 1885.

Hesabu mwenyewe. Burton aliliona Ziwa Tanganyika lakini Nyanza hakwenda. Grant hakuwahi kufika Ujiji. Cameron alivuka bara lakini chanzo cha Naili hakukiona. Mtu aliyekuwamo kwenye safari zote hizo ni mmoja, naye ndiye ambaye mtahiniwa wa kidato cha nne hatakiwi kumjua.

Lakini kijimambo kinachonikaa kichwani kuhusu Bombay ni kingine. Stanley alipomwona mara ya kwanza alimweleza sura yake, akataja pengo kwenye meno ya mbele. Akaeleza na lilikotoka: ngumi ya Kapteni Speke, waliyopambana nayo huko Uganda. Imeandikwa kwa mzaha, kama mtu anavyoeleza shati lililochanika. Royal Geographical Society ya London ilimpa Bombay medali ya fedha, na baadaye pensheni. Vizuri. Lakini medali ni yale waliyotaka yakumbukwe. Pengo ni yale yaliyotokea.

Tuje Chitambo, sehemu ambayo leo ni Zambia. Livingstone alifariki hapo mwanzoni mwa Mei 1873. Vitabu vya shule vinasema mwili wake ulipelekwa Uingereza. "Ulipelekwa." Na nani? Hapo sarufi imetusaidia kuficha watu kama 60.

Susi, Chuma na wenzao walikaa kikao. Mzungu wao amekufa, hakuna wa kuwatuma, hakuna wa kuwaadhibu. Wangeweza kumzika palepale na kwenda zao. Wakaamua wao wenyewe. Moyo wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga. Jacob Wainwright, kijana Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nassik, India, akasoma ibada na kuchonga maandishi kwenye mti. Kisha wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwenda pwani.

Walipofika Tabora walimkuta Cameron, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye msafara wake ulitumwa kumsaidia Livingstone. Kiongozi wake wa msafara alikuwa nani? Bombay huyohuyo. Cameron akawashauri wamzike hapohapo, njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa. Ofisa wa Malkia anasema zika, wapagazi wanasema hapana, na wapagazi ndio wakashinda. Mbele ya safari waliposikia kwamba vijiji havitakubali maiti ipite, wakatengeneza furushi la uongo la mabua, wakatangaza kwamba maiti inarudishwa Tabora kuzikwa. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo, wakapita nao. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

London walihakikishaje kwamba ni yeye? Kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja mwaka 1844 huko Mabotsa, Afrika Kusini ya leo. Habari ya simba kila mtu anaijua. Jina la Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyejaribu kumpiga simba risasi ili amwache Livingstone, kisha yeye mwenyewe akang'atwa paja, je? Kwa hiyo mfupa uliomtambulisha Livingstone alipokufa ulikuwa na kovu la siku ambayo Mebalwe alimwokoa asife.

Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya waliobeba mwili kutoka Chitambo, aliyekuwepo ni Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, wakati kaburi limeshafunikwa. Huko wakafanya kazi nyingine: walikaa na Horace Waller, wakamweleza mambo ya njiani yaliyokosekana kwenye shajara za Livingstone, zikatoka kitabu mwaka huohuo wa 1874. Jina kwenye jalada si lao.

Na kuna mwanamke. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone. Siku moja huko Unyanyembe aligombana na mwanamke mwenzake wa msafarani, Ntaoeka, akasusa, akaondoka. Livingstone anasimulia kwamba Halima alirudi mwenyewe, lakini akasimama nje. Alichotaka ni mzee atoke amwambie aingie. Mzee akatoka, akamwambia. Kisha akaandika kwamba ni mwanamke mwema, na kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani.

Soma tena hapo: atampa uhuru. Livingstone, adui mkubwa wa biashara ya utumwa, chakula chake kilikuwa kinapikwa na mwanamke ambaye bado alikuwa mtumwa. Na Livingstone hakufika Unguja akiwa hai.

Hiki ni kijimambo cha mistari michache. Lakini mimi hainipi picha hiyo sura nzima ya kitabu cha historia: mtumwa anayesusa, anayedai aombwe kwa heshima, na anayeombwa.

Najua kuna wadau watanijia juu. Wa kwanza watasema: hawa uliowataja ni vibaraka, waliwaonyesha njia watu waliokuja kututawala, kwa nini tuwatukuze? Ni hoja nzito. Lakini kibaraka hufuata amri, na wale wa Tabora waliikataa. Tena walikuwa watu wa kazi, waliopatana ujira kwa miezi, waliogoma na kutoroka mambo yakizidi. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 haukumwita Bombay. Tukimlaumu yeye kwa ukoloni, tutakuwa tumemtwisha na mzigo huo pia.

Wa pili watafanya kinyume. Watawapamba. Watasema "watumishi waaminifu," kama vitabu vya wamisheni vilivyowaita. Mimi na huo upambaji siutaki. Neno mwaminifu linamfanya mtu awe kama mbwa mzuri. Misafara ile ilikuwa na viboko, Stanley anakiri mwenyewe kwamba alichapa watu, na wanyapara wake walikuwa Waafrika. Mtu unaweza kumpa jina lake na sifa zake bila kumtengenezea mabawa.

Na tusidhani dawa ni kusikiliza kila aliyesimulia mwenyewe. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, maandishi yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ni Kiswahili kitamu. Lakini ni sauti ya tajiri wa pembe na watumwa. Waliobeba zile pembe wamo mle kama idadi.

Kwa nini jambo hili linanihangaisha mimi, kijana wa leo ninayekimbizana na habari za kesho? Kwa sababu kazi yangu ina ugonjwa uleule. Fungua gazeti lolote, tazama maelezo ya picha. Mheshimiwa fulani, jina kamili na cheo, akikata utepe, "akishuhudiwa na baadhi ya wananchi." Mwekezaji fulani akikagua jengo, "pamoja na mafundi." Mafundi hao wana majina. Wamesimama mita mbili kutoka kwa mpiga picha. Kuuliza jina ni sekunde kumi. Hatuulizi, kwa sababu mhariri hatadai, na msomaji hatalalamika. Miaka 150 ijayo atatokea mtu atafute nani alijenga, atakuta "ulijengwa," kama sisi tulivyokuta "ulipelekwa."

Tofauti ni kwamba Stanley, pamoja na ngumi na majivuno yote, aliandika majina. Susi, Chuma, Bombay, Halima, Mabruki, Uledi: tunawajua kwa sababu mtu aliyewaamrisha alijisumbua kuuliza wanaitwaje. Inauma kukubali kwamba kwenye hilo moja msafara wa 1871 unaweza kulishinda gazeti.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, halihitaji semina wala posho. Chemsha bongo ziendelee, ila maswali yabadilike. Badala ya nani aligundua ziwa, uliza nani alimtafsiria. Badala ya alikufa lini, uliza nani alimbeba. Walimu wa historia wanaweza kuanza kesho, na sisi waandishi tunaweza kuanza leo jioni kabla gazeti halijaingia mtamboni.

Na kama unataka swali la kuanzia, chukua hili. Pale Kariakoo, Dar es Salaam, kuna Mtaa wa Livingstone. Watu wanapita hapo kila siku kununua simu, nguo na vyombo. Mtaa una jina la mtu mmoja aliyebebwa. Kariakoo yenyewe imetokana na nini? Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, maelfu kwa maelfu ya watu waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Mtaje hata mmoja.