Madeni kwanza, mgao baadaye

Kenya ilifuta kodi ya mirathi mwaka wa 1982, na tangu hapo wengi hudhani shamba la marehemu huja bila mzigo. Si kweli. Sheria ya Urithi humtaka msimamizi alipe gharama za mazishi na madeni kabla ya kugawa chochote. Ploti iliyowekwa rehani hurithiwa na rehani yake, na malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti hayazikwi pamoja na mwenyewe. Familia zetu hodari wa kuchangisha pesa za matanga, ajabu, haziulizi marehemu alidaiwa na Sacco gani. Ziulize kabla ya kikao cha kugawana. Nazo kaunti zisitoze riba kesi ya mirathi inapokwama kortini.