Machu Picchu tunaijua, Ungwana je?

Muulize kijana yeyote pale steji ya Minjila kama ameona picha ya Machu Picchu. Atakuambia ameiona, tena ile yenye llama mbele. Muulize Ungwana, huenda akakuuliza: hiyo ni hoteli gani?

Ungwana ni mji wa kale wa Waswahili karibu na Kipini, kule Tana inakoingia baharini. Kuna magofu ya msikiti na makaburi. Machu Picchu ilijengwa karne ya 15, na wakati huo Ungwana ilikuwa tayari mji. James Kirkman, yule yule aliyechimba Gedi, alichimba huko pia na kitabu chake kikatoka 1966. Gedi imepanda hadi ikaingia orodha ya Unesco mwaka 2024. Ungwana? Kimya. Na huku ndiko masimulizi yanakomweka Fumo Liyongo, shujaa tunayekaririshwa darasani utadhani aliishi sayari nyingine.

Wa-Peru wametuzidi nini? Si mawe. Chini ya Machu Picchu kuna mji mdogo, Aguas Calientes, ambao wageni wengi hupitia, na wenyeji wanakula hapo: vyumba, chakula, kuongoza wageni. Sasa tazama Minjila. Barabara za Malindi, Garissa na Lamu zinakutana hapa. Basi la Lamu likisimama, tunakimbilia madirishani na maembe na maji, dakika tano limeondoka na watalii wake. Tumeridhika na dirisha!

Najua utasema usalama, utasema mafuriko. Kweli, Tana ikifura barabara hukatika, na habari za upande wa Lamu zimewatisha wageni miaka mingi. Lakini mgeni wa kwanza si lazima atoke Ulaya. Shule za Garsen zinaweza kuanza kesho, basi moja asubuhi na kurudi jioni.

Ila naomba jambo moja mapema, kabla kaunti haijachapisha mabango: waongozaji watoke Kipini na Ozi. Wazee wa huko wanajua lipi kaburi la kusomewa dua na lipi ukuta tu. Mtu aliyeletwa na kampuni kutoka Mombasa atakupandisha juu ya kaburi upige selfi, na wenyeji wakikasirika, mlango utafungwa hata kwa sisi wa Minjila.