Vidonge Vinavyoondoa Maumivu ya Goti kwa Siku Tatu

Maumivu sugu ya magoti, kiuno na vidole ni jambo la kila nyumba katika nchi ya migomba na kahawa. Kihanga, kama kwingine katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, mkulima hushinda ameinama shambani, kisha hupanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Akifika uzeeni, gegedu za magoti zimekwisha kulika. Hapo ndipo ilipopata soko imani kwamba hospitali hutuliza tu, lakini dawa ya Kichina, iwe sindano au vidonge vya mitishamba, hung'oa ugonjwa, tena bila madhara kwa kuwa ni ya asili. Imani hiyo ni potofu kotekote, na hilo la kutokuwa na madhara linaweza kuua.

Sifa ya tiba ya Kichina ina chanzo cha haki. Madaktari wa China walianza kuhudumu Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, na wengi walipona mikononi mwao. Dawa mseto ya malaria iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2006 inatokana na artemisinini, kiini cha mmea wa jamii ya pakanga kilichompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kiini hicho kilitengwa, kikajaribiwa kwa wagonjwa, na kipimo chake kikajulikana. Mchuuzi wa vidonge mnadani hawezi kuonyesha hata hatua moja kati ya hizo.

Mafundisho yenyewe pia huingia masikioni kwa urahisi. Utabibu wa Kichina husema upepo, baridi na unyevunyevu hupenya kwenye viungo. Mzee wa Karagwe naye, ukungu wa asubuhi ukitanda, hulalamika kwamba baridi imemwingia mifupani. Baridi huweza kukaza kiungo kinachouma, lakini haili gegedu.

Sindano za akupancha, yaani zile nyembamba za Kichina zinazochomwa mwilini bila dawa ndani, zimepimwa sana. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, wenye zaidi ya wagonjwa 1,000 wa goti, asilimia 53 ya waliochomwa kwenye sehemu zinazofundishwa na Wachina walipata nafuu. Kwa waliochomwa juujuu mahali pasipo na maana yoyote ilikuwa asilimia 51, na kwa wasiochomwa kabisa, waliohudumiwa kwa njia za kawaida, asilimia 29. Nafuu basi ipo, ila inatokana zaidi na kuhudumiwa na kutumaini kuliko na ramani ya mwili wanayoisifu waganga. Mwaka 2022 mwongozo wa afya wa Uingereza ulielekeza kwamba akupancha isitolewe kwa viungo vilivyolika. Madaktari wa viungo wa Marekani waliikubali mwaka 2019, kwa masharti. Anayelipia nafuu ya muda hajaibiwa. Anayeambiwa goti limepona amedanganywa. Na sindano lazima iwe mpya kwa kila mtu, isije ikasambaza virusi. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, haustahili kukumbushwa jambo hilo kwa uchungu mwingine.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye vidonge. Bibi aliyeshindwa kuinuka kwa miezi humeza vichache, na siku ya tatu yuko shambani. Majirani huona huo ndio uthibitisho. Kumbe hakuna mtishamba unaojulikana kurudisha goti lililolika kwa siku tatu. Kinachozima uvimbe kwa kasi hiyo ni dawa ya kizungu iliyofichwa ndani, hasa steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni. Ni udanganyifu wa zamani: katika miaka ya 1970 vidonge vilivyoitwa Chuifong Toukuwan, vilivyouzwa Marekani kama mitishamba ya viungo, vilikutwa na fenilbutazoni, dawa inayoweza kufuta chembe nyeupe za damu. Steroidi zikitumika kwa miezi, uso huvimba ukawa mviringo, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika. Hata mmea halisi si salama kwa sababu tu ni mmea: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtishamba mmoja wa Kichina uliotolewa badala ya mwingine uliharibu figo za wanawake zaidi ya 100.

Tena kuna muda unaopotea. Maumivu ya viungo ya mfugaji anayekunywa maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuwa brusela, inayotibiwa kwa antibiotiki kwa wiki kadhaa. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa anaweza kuwa na seli mundu. Vidole vinavyovimba mikono yote miwili asubuhi vinaweza kuwa vya ugonjwa wa kinga ya mwili unaokula viungo katika miaka yake ya mwanzo, wakati ambapo dawa huokoa mengi. Kwa goti lililolika, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito vina ushahidi zaidi kuliko kidonge chochote cha mnadani.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mnunuzi ana haki ya kudai usajili huo. Aliyekwisha kumeza vidonge kwa wiki nyingi asiviache ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi huweza kuporomoka kwa siku chache. Achukue pakiti yake hadi Hospitali ya Nyakahanga au kituo cha afya kilicho karibu, daktari ampunguzie kidogokidogo.