Chala Isisubiri Kukatiwa Fungu

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu ndiye mla nyama. Katika siasa za nchi yetu kisu hicho ni kalamu ya mchora mipaka, na nyama yenyewe ni viti vya Bunge. Sisi tunaoishi katika Kaunti ya Taita Taveta, kuanzia ukingo wa Ziwa Chala hadi mjini Voi, tumezoea kuzungumza juu ya jambo hili kwa hasira na kwa nyimbo za majukwaani. Leo napendekeza tulizungumze kwa hesabu, kwa maana hesabu ndiyo itakayotumiwa siku ile ya kukatwa.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka idadi ya maeneo bunge kuwa 290. Kifungu cha 89 kinaagiza kwamba kila eneo likaribiane, kadiri iwezekanavyo, na kipimo kimoja cha taifa, yaani idadi ya Wakenya wote ikigawanywa kwa 290. Kifungu hicho hicho kinaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 40 katika miji mikuu na sehemu zenye wakazi wachache, na kwa asilimia 30 kwingineko. Sababu za kuruhusu tofauti hiyo zimetajwa waziwazi: sura ya nchi, miji, njia za mawasiliano, na uhusiano wa watu kwa historia, uchumi na utamaduni.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 290, nawe utapata watu 164,015 kwa kila kiti. Ukipunguza asilimia 40, kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria ni watu 98,409. Sasa tazama kwetu. Sensa hiyo ilitupa kaunti ndogo nne, ambazo kwa jumla zinafuata maeneo bunge yetu manne: Voi watu 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na Taita, yaani Wundanyi, 55,959. Jumla ni watu 340,671.

Msomaji atatambua mara moja kwamba ni Voi peke yake iliyovuka kiwango. Taveta, ambayo Chala ni mojawapo ya wadi zake tano, imepungukiwa na watu 7,187. Mwatate imepungukiwa na 16,750, na Wundanyi na 42,450. Mbona basi tuna viti vinne hadi leo? Jibu ni kwamba Katiba, katika Jedwali lake la Sita, ilitoa kinga ya mara moja: marekebisho ya kwanza ya mipaka yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Marekebisho hayo yalikamilika Machi 2012. Kinga hiyo imekwisha kazi yake. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya katika muda usiopungua miaka minane wala kuzidi kumi na miwili. Machi 2024 ilipita huku Tume ya Uchaguzi na Mipaka ikiwa haina makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Lakini kuchelewa si kufutwa. Aliyepewa siku ya ziada kabla ya mtihani huitumia kusoma, hasherehekei.

Hapa ndipo hesabu inapotuambia jambo ambalo hakuna mwanasiasa wetu anayelitamka hadharani. Chukua watu wetu wote 340,671 uwagawanye kwa viti vinne: kila kiti kitapata watu 85,168. Kiwango cha chini ni 98,409. Kwa hivyo, maadamu viti vya taifa ni 290 na sensa inayotumika ni ile ya 2019, hakuna ramani yoyote duniani, hata ichorwe na malaika, itakayotupa maeneo bunge manne halali. Ukimwongezea huyu umempunguzia yule. Gawanya kwa tatu, na kila kiti kinapata watu 113,557, idadi ambayo ni pungufu ya kipimo kwa asilimia 31 hivi. Hiyo inaruhusiwa mahali penye wakazi wachache. Gawanya kwa mbili, na kila kiti kinazidi kipimo kidogo tu.

Kwa hivyo swali halisi ni kama tutabaki na viti vitatu au viwili, na vitatu hivyo vitakatwaje. Anayewaahidi wananchi vinne bila kuwaeleza jinsi sheria itakavyobadilika anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Najua wapo watakaosema kwamba hesabu hii yenyewe ni dhuluma, na hoja yao haina budi kusikizwa. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotangazwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1948. Katika sehemu iliyosalia, mashamba makubwa ya mkonge yamechukua ardhi nyingine nzuri. Ni vigumu kumfungia mtu mlango halafu kumlaumu kwamba hayumo ndani. Isitoshe, kutoka Voi hadi Taveta ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia hiyo imezungukwa na nyika na wanyama. Mbunge mmoja akipewa Taveta pamoja na milima ya Taita, mwananchi wa Chala atamwona kwenye magazeti kuliko atakavyomwona barazani.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Ndovu hapigi kura, wala katani haipigi. Kaunti ndogo ya Ruiru, katika Kiambu, ilihesabiwa watu 371,111 katika sensa hiyo hiyo. Mkaazi mmoja wa Wundanyi ana uzito wa zaidi ya wakaazi sita wa Ruiru wakati wa kumchagua mbunge. Wale wanaopaza sauti wakidai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" hawakuota dai hilo usingizini. Tukitaka wasikize habari za mbuga zetu, sharti nasi tukiri kwamba mama wa Ruiru anayepanga foleni hospitalini ni Mkenya sawa na mama wa Chala.

Katiba yetu ililitambua tatizo hilo, ndiyo maana ikaweka mizani miwili. Bungeni hupimwa watu. Katika Seneti hupimwa kaunti. Jambo linalohusu kaunti likifika Seneti, ujumbe wa kila kaunti una kura moja. Huko Taita Taveta yenye watu 340,671 inalingana na Nairobi yenye watu 4,397,073. Mizani hii ya pili haikuguswa, na wajibu wetu ni kuitumia kuliko tunavyoitumia. Aidha, wingi wa viti si sawa na wingi wa nguvu. Fikiria baraza lenye koo tatu, moja ikiwa na kura 49, ya pili 48, ya tatu 3, na uamuzi hupitishwa kwa kura 51. Hakuna ukoo unaoweza kupitisha jambo peke yake, na wowote wawili wakiungana wanapitisha. Ule wenye kura tatu una nguvu sawa na wenye kura 49, mradi usijiuze mapema. Wabunge watatu wanaosimama pamoja wana maana kuliko wanne wanaovutana kila mmoja upande wake.

Lakini kiti kina faida nyingine inayoshikika. Tangu mwaka wa 2003 mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge umejenga madarasa na kulipia watoto wa maskini karo. Kupotea kwa eneo bunge ni kupotea kwa ofisi, fungu na mlango wa kubishia. Ndiyo sababu nasema namna ya kukata ni muhimu kama idadi ya vipande.

Watu wa Chala wana ukumbusho wa aina mbaya ya kukata. Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mkataba uliosema kwamba mpaka utapita kando ya Ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Leo mstari wa mpaka unapita ndani ya Ziwa Chala lenyewe, upande huu Kenya, upande ule Tanzania, ilhali maji yanayolilisha ziwa hilo yanatoka chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro na hayajui pasipoti. Neno "katikati" lina sura ya haki. Kasoro yake ni kwamba waliokata hawakuishi hapa, na walioishi hapa hawakuulizwa.

Kuna njia bora, na kila mzazi anaijua. Watoto wawili wakigombania muhogo, mmoja hukata na mwenzake huchagua kwanza. Mkataji atakata sawa kwa sababu akipendelea atajipunja mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1948 Tsavo ilipotangazwa hifadhi, mtaalamu wa hesabu wa Poland, Hugo Steinhaus, alichapisha makala juu ya namna ya kuwagawia haki watu watatu na zaidi, akieleza njia waliyoibuni wenzake Banach na Knaster. Wa kwanza hukata kipande anachokiona kuwa fungu la haki. Anayekiona kikubwa mno hukipunguza, na wa mwisho kukipunguza ndiye anayekichukua. Mwenye kulalamika hulazimika kuishi na kipimo chake mwenyewe.

Mipaka si muhogo, lakini hekima ni ile ile. Tukiwa na viti vitatu, Taveta inahitaji kuongezewa angalau watu 7,187 ili ibaki peke yake. Watu hao watatoka wapi, ila kwa jirani? Wundanyi na Mwatate zikiunganishwa zina watu 137,618. Zinaweza kutoa idadi hiyo na kubaki juu ya kiwango. Huu si uamuzi wangu kuutoa. Nauonyesha tu ili ijulikane kwamba upo, na kwamba Taveta inaweza kuokolewa kwa maelewano ya majirani, wala si kwa maandamano ya Nairobi.

Naonya pia juu ya mtego mmoja. Tuseme viongozi wanakutana na kuwekewa ramani tatu, nazo pande tatu, Taveta, Voi na milimani, zina kura moja moja. Taveta inapenda ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Voi inapenda ya pili, ya tatu, kisha ya kwanza. Milimani wanapenda ya tatu, ya kwanza, kisha ya pili. Zikilinganishwa mbili mbili, ya kwanza inaishinda ya pili, ya pili inaishinda ya tatu, nayo ya tatu inaishinda ya kwanza. Duara kamili! Mwenyekiti akianza na ya kwanza dhidi ya ya pili, mshindi wa mwisho atakuwa ya tatu. Akianza na ya pili dhidi ya ya tatu, ya kwanza ndiyo itakayoshinda. Mfaransa Condorcet aliligundua jambo hili mwaka wa 1785, na wenyeviti werevu wamelitumia hadi leo bila kumtaja. Kwa hivyo utaratibu wa kupiga kura ukubaliwe kabla ramani hazijafunuliwa mezani, maana zikishafunuliwa kila mtu atauchagua utaratibu unaompa ushindi.

Wapo wanaotumaini kwamba viti vitaongezwa. Mapendekezo ya BBI yaliyotupwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 yalitaka viti 70 zaidi. Kwa viti 360 kiwango cha chini kingeshuka hadi watu 79,274, na Taveta ingekuwa salama. Lakini taifa zima kubeba gharama ya wabunge 70 ili sisi tusiketi na majirani zetu ni bei kubwa mno, na sioni sababu ya kuingoja.

Ninayoyataka ni matatu. Kwanza, viongozi wa Voi, Taveta, Mwatate na Wundanyi wakutane sasa na kuafikiana juu ya ramani ya viti vitatu, kila upande ukipewa nafasi ya kuipunguza na wajibu wa kuipokea. Pili, tume itakapoita vikao vya wananchi, wazee, akina mama na vijana wa Chala waende na tarakimu pamoja na habari za umbali, mbuga na barabara, kwa kuwa hizo ndizo sababu ambazo Katiba imeziruhusu. Tatu, sensa ijayo itakapofika, asibaki mtu asiyehesabiwa, awe mchungaji ng'ombe nyikani au kibarua wa shamba la mkonge. Watu 7,187 si wengi. Huenda baadhi yao tayari wanaishi nasi, na ni kazi yetu kuhakikisha majina yao yanaandikwa.